Shimo Lililopumua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kanda alinipa jiwe kabla hajanipa kiti. Ofisi ya utafiti wa madini ilikuwa Shinyanga, nyumba ya bati yenye meza ndefu iliyojaa vifuko vya udongo, nami nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kilichonifanya nijione mjiolojia kamili. Jiwe lilikuwa jeupe, lenye chembe zinazong'aa.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Dhahabu, mzee."

Akaliweka juu ya kipande cha reli, akaligonga kwa nyundo. Chembe zikasagika zikawa unga mweusi. Dhahabu halisi haisagiki. Ukiigonga hulala bapa.

"Hukuona dhahabu," alisema. "Uliona rangi ya njano. Habari ya dhahabu umepewa na tamaa yako. Hapa tunaandika kilichoonekana."

Katika miaka yote ya utumishi sikupata fundisho lililonifaa zaidi. Ninawaandikia vijana wanaoingia katika kazi hii leo, wenye vyombo ambavyo sisi hatukuwa navyo, na wenye wepesi wa kuamini ambao sisi tuliadhibiwa tukiuonyesha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mbuga za Shinyanga, ambako udongo mweusi umeifunika miamba, na mtafiti hulazimika kuchota udongo wa vichuguu kwa sababu mchwa hupandisha chembe kutoka chini asikofika yeye. Baadaye niliwekwa Isaka kupokea vyuma vya kuchoronga vilivyoshushwa kwenye treni. Ilikuwa kazi ya kusimama juani na kugombana na madereva wa malori, nami sikuipenda. Kutoka hapo nilipelekwa Geita, kwenye kilima kimoja upande wa Nyarugusu, chini ya Meneja wa Utafiti wa kampuni ambayo sasa haipo.

Msomaji anahitaji kujua kidogo juu ya ardhi yenyewe. Ukanda wa Geita umejengwa na miamba ya kijani, yaani lava za kale zilizopikwa na joto la ardhi hadi zikabadilika rangi. Katikati yake hupita mwamba wa chuma wenye mistari myeusi na myekundu. Huu ni mgumu. Ardhi iliposukumana ulipasuka, na katika mipasuko yake yakapanda maji ya moto yaliyobeba dhahabu. Maji yalipotea. Dhahabu ilibaki pamoja na kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo hulifuata kwa sururu kama mtu anayefuata nyayo. Juu ya vyote hivyo umelala mwamba uliooza, udongo mwekundu ambao ni imara ukiukanyaga na hauaminiki kabisa ukiwa dari ya uwazi.

Kuchoronga ni kuteremsha mabomba ya chuma yenye meno ya almasi na kupandisha mwamba uliokatwa ukiwa na umbo la mche duara mwembamba. Fundi mkuu wa mtambo wetu alikuwa Fundi Shija, Msumbwa mwenye maneno mengi na mikono makini. Asubuhi moja, mtambo ukiwa umekwisha kuupita mwamba uliooza, mabomba yalianguka ghafla na maji ya kupozea meno hayakurudi juu. Shija alizima injini.

"Mzee, chini hakuna kitu."

"Huwezi kujua kwamba hakuna kitu. Sema bomba limeshuka bila kukata."

"Haya. Bomba limeshuka bila kukata, kwa sababu hakuna kitu."

Tulipopandisha mabomba, katika meno ya almasi kilinasa kibanzi cha mti, kikavu, chenye alama bapa ya shoka upande mmoja. Kila mtu pale alikitambua. Kilikuwa kipande cha matimba, miti inayosimamishwa ndani ya machimbo kuzuia dari. Nilitazama ramani zote tulizokuwa nazo, za serikali na za makampuni yaliyotutangulia tangu enzi za wakoloni. Hakuna iliyoonyesha machimbo katika kilima kile.

Shija aliwasha sigara, akachuchumaa karibu na mdomo wa shimo. Moshi wa sigara ulijikunja, ukaingia ardhini.

"Linavuta," alisema. "Lingeomba tu, ningelipatia sigara yake."

Alasiri ya siku hiyo hiyo shimo liligeuka. Kofia ambayo Shija alikuwa amelifunika nayo iliinuka na kuanguka kando, na kutoka chini ikaja sauti ndefu, ya taratibu, kama ya mtu aliyelala usingizi mzito. Kesho yake lilivuta tena asubuhi, likatoa tena alasiri. Vibarua waliacha kupiga miluzi wakiwa karibu nalo, na kabla ya juma kwisha kijiji kizima kilijua kwamba wafu wa machimbo ya kale wameamshwa.

Niliwakusanya nikawaeleza. Uzito wa hewa iliyotuzunguka huongezeka asubuhi na kupungua mchana, kila siku, wala hausubiri mzimu. Uwazi wowote mkubwa chini ya ardhi wenye tundu dogo huvuta hewa ndani, hewa ya nje inapokuwa nzito, na huitoa inapokuwa nyepesi. Maelezo hayo ni sahihi hadi leo. Lakini yalikuwa na tokeo moja ambalo wenye hadithi za mizimu hawakulifikiria: uwazi mdogo hauwezi kuvuta pumzi asubuhi nzima. Chini yetu palikuwa na nafasi kubwa sana.

Nilichukua dira, nikapima mwelekeo wa mkanda wa kwatzi, kwa kuwa wachimbaji wa kale waliufuata mkanda huo popote ulipokwenda. Mstari ulishuka kilimani kuelekea kaskazini-magharibi. Katika mstari huo kulikuwa na nyumba moja, ya Mama Kulwa, mjane aliyelima mihogo na kuishi na mapacha wake, Kulwa na Doto, waliokuwa hawajaanza shule. Mvua za vuli zilikuwa karibu, na udongo ule ukilowa huwa mzito mno.

Meneja wa Utafiti alinisikiliza akiwa amesimama.

"Ukimhamisha mtu kwa pumzi ya shimo," alisema, "kesho kijiji kizima kitahama kwa ndoto. Machimbo hayamo katika ramani."

"Hayamo kwa sababu hakuna aliyeyachora."

"Basi niletee kitu nitakachoweza kukisimamia mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

Sikungoja. Niliteremka kwa Mama Kulwa siku hiyo hiyo. Alikuwa akianika mihogo juu ya mwamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Nimekuja kukuomba utoke katika nyumba hii kabla ya mvua."

Aliendelea kugeuza mihogo. "Shemeji yangu aliniambia chini ya nyumba yangu kuna watu wanapumua. Alikuwa anataka kiwanja. Akamleta mganga, naye akasikia watu hao hao. Wewe umeletwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Na hao watu umewaona?"

"Sijaona mtu. Nimeona uwazi."

"Chini ya nyumba yangu?"

"Kule juu, kwenye mtambo. Chini ya nyumba yako sijaona bado."

"Basi ukiona, uje," alisema. "Marehemu alinijengea hapa. Siwezi kumwachia shemeji nyumba kwa sababu mzee wa mawe ana wasiwasi."

Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Lakini watoto wale walikuwa wakilala juu ya jambo ambalo mimi nililihesabu kuwa la hakika kiasi cha kutosha kuninyima usingizi, na lisilokuwa la hakika kiasi cha kumwamuru mtu.

Asubuhi iliyofuata Shija alikata pipa, akalifunga juu ya mdomo wa shimo, akawasha ndani yake mavi makavu ya ng'ombe na majani mabichi ya mkaratusi. Niliuchagua mkaratusi kwa sababu hakuna jiko la pale lenye harufu hiyo. Nimeona mioto mingi, ila ule tu ndio ulionisumbua. Majani yalikuwa yakitoa moshi mzito, lakini hakuna hata uzi mmoja wa moshi uliopanda. Wote ulizama. Vibarua walisimama mbali wakitazama moto usiokuwa na kitu juu yake, na hewa ya kilima ikabaki safi kama hapakuwashwa chochote.

Karibu na adhuhuri tuliuzima, nami nikaenda nyumbani kwa Mama Kulwa, nikamweleza wazi nilichokifanya. Aliwapeleka mapacha kwa jirani, akazima jiko lake, akanipa kigoda katika chumba cha kulala. Mwenyewe aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameikunja.

"Nikiwa nimekosea?" nilisema.

"Utakunywa uji, utaondoka."

Jua lilipoanza kuinama, sisimizi walitoka katika ufa mwembamba wa sakafu, wamebeba mayai yao, wakapanda ukutani bila kutawanyika. Mama Kulwa aliwatazama mpaka wa mwisho.

Kisha akainua kichwa. "Nani anachoma mkaratusi?"

Karibu na mguu wa kitanda, palipokuwa na ufa, uliinuka moshi mwembamba, umenyooka, bila haraka. Ukafika usawa wa godoro, ukatandaa. Alishuka kitandani, akapiga magoti, akaweka kiganja juu yake. Akakiacha hapo.

"Ni wa baridi," alisema.

Nami niliweka mkono. Ulikuwa wa baridi, kama hewa ya pangoni.

Akanyanyuka, akapangusa magoti. "Shika upande huo wa kitanda, baba."

Meneja alikuja kabla jua halijazama. Aliinama mlangoni, akanusa, akatoka, akaagiza lori. Siku iliyofuata mabati yaling'olewa na milango ikafunguliwa bawaba. Mama Kulwa alihamia mteremko wa pili pamoja na watoto, vyombo na mihogo yake ambayo haijakauka.

Mvua ilipokolea, nyumba ile ilishuka. Sisemi iliporomoka, maana nilifika asubuhi hiyo nikaona. Kuta zote nne zilikuwa zimesimama, kina kirefu chini ya usawa wa ardhi, na ukitazama kutoka ukingoni ungeona bado kalenda ikining'inia kwenye msumari wake.

Kiangazi tulipojifunga kamba na kumulika pembeni mwa shimo lililoimeza nyumba, tuliona njia ikiendelea ndani ya kilima. Matimba yalisimama kwa safu, mazima. Ukutani kulikuwa na vishubaka vya taa vyenye masizi. Sakafu haikuwa na mawe taka hata kidogo, kana kwamba waliomaliza kazi walifagia kabla ya kuondoka. Tulizunguka kilima kwa msimu mzima tukitafuta mahali walipoingilia, tukachimba mitaro, tukawauliza wazee wa vijiji vyote vya jirani. Hatukupata mlango. Nasema hatukuupata, sisemi haukuwapo.

Nimestaafu sasa, ninaishi Shinyanga. Si muda mrefu uliopita, nikiwa sokoni Runzewe, muuza nyanya alinisimulia kisa hiki bila kunijua: kwamba moshi ulitoka ukiwa na sura za watu, na kwamba mtaalamu aliyekuwepo alipatwa na wazimu. Nilimuuliza alikiona wapi. Akasema aliambiwa na mtu aliyekuwapo. Nilinunua nyanya, nikaondoka. Hivi ndivyo ujuzi unavyooza. Hugeuka laini taratibu kama mwamba uliolowa, na juu yake watu hujenga.

Safari hiyo nilipita kumjulia hali Mama Kulwa. Mapacha wamekuwa watu wazima, wana familia zao, na nyumba ya mteremko wa pili wameipanua, wameisakafu kwa saruji. Chumba chake peke yake bado kina sakafu ya udongo. Nilimuuliza kwa nini.

"Saruji inaziba nyufa," alisema.

Alisimama mlangoni mwa chumba hicho akiitazama sakafu iliyofagiliwa. "Wote wananiambia hapa chini ni mwamba mtupu."

"Wameona?"

"Hawajaona. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Angeweza kuridhika na neno moja kutoka kwangu, na nilitamani kumpa. Mwelekeo wa mkanda wa kwatzi hauelekei mteremko ule. Lakini hata machimbo ya kilima kile hayakuwamo katika ramani.

"Hapa sijachoronga, mayu."

Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Basi kaa mpaka alasiri."

Nilikaa.