Dawa ya kukojoa na risasi ya Hai Mauna

Basi daktari ananiuliza, “Mama, mbona presha bado iko juu na dawa unakunywa?”



Mke mwenzangu Kiden akarukia, “Hanywi huyu! Anaficha chini ya godoro!”

Wallahi niliona haya. Mume alituacha, Mungu amlaze, sasa tumebaki sisi mbili kuchunguzana.

Nikasema ukweli. “Mtoto yangu, dawa yako inakojoza. Nakunywa jioni, choo iko nje, na usiku huku mtaani kwetu Hai Mauna ni risasi tu. Nife na presha ama nife nikichuchumaa?”

Daktari akacheka mpaka akatoa miwani.

“Mama, ungeniambia! Kunywa hii asubuhi, mchana mkojo inaisha. Ama iko ingine, haikojozi, lakini miguu inaweza kuvimba. Wewe unataka gani?”

Mimi! Naulizwa na daktari!

Nikafikiri. Asubuhi niko sokoni, choo iko mbali, nani atalinda nyanya yangu ya kuuza?

“Nipe ya miguu. Ikivimba nitavaa viatu ya marehemu.”

Kiden akasimama. “Viatu ya mzee iko kwangu, na haitoki!”

Pale pale, mbele ya daktari! Maskini akasema tujaribu kwanza, nirudi aone miguu.

Nyinyi mnaosoma, mngechagua gani? Semeni, lakini msishike upande ya Kiden.

Huyo, ananiita. “Poni! Kuja umeze mbele yangu, na ufungue mdomo nione!”

Keji, mjukuu yangu, wacha kuandika. Naenda.