Masale kwenye kiwanja cha supamaketi: jinsi mama zetu walivyomsimamisha mwekezaji pale Soweto, Moshi

Wakuu, habari za mchana. Vuteni viti niwape kisa cha kwetu Moshi. Sitii chumvi, maana mama yangu yupo hai na anaweza kunisuta.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Kibosho niliyekwenda Botswana kubeba zege, nikasoma jioni hadi nikachukua diploma ya ujenzi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikarudi nyumbani na pickup yangu mwenyewe. Anayebisha apite Kibosho aulize.

Sijakaa sana, mwekezaji mmoja kutoka Dar akanitafuta nimsimamie saiti. Alitaka kujenga supamaketi kubwa Soweto, kwenye kiwanja ambacho akina mama wa milimani waliuzia ndizi na maharage.

Nilifurahi kweli. Moshi yetu kupata milango ya vioo!

Shida ni kwamba mama yangu alikuwa mmoja wa hao akina mama.

Si kwamba alihitaji kuuza ndizi, nilikuwa namtunza vizuri tu. Alichoogopa ni kumkosa mdogo wake, mama mdogo Apolonia, aliyeolewa Mkuu, Rombo. Zamani kwetu mke wa mtu hakuondoka kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwa mumewe, ovyo kwenda kumwona dada yake. Lakini akisema anaenda sokoni, nani atamzuia?

Basi tangu waolewe, ndugu hao walionana pale, wamekalia gunia moja. Kila mtoto wa mama mdogo aliyezaliwa Rombo, mama yangu alimpakata kwa mara ya kwanza kwenye kile kiwanja.

Mkutano wa mtaa ukaitishwa. Vijana walitaka ajira, kwa hiyo walishangilia. Kinyozi mmoja akapayuka, "Tumechoka kukanyaga maganda!"

Mama mmoja akamjibu, "Na ndizi ulizokulia, ulikula na maganda yake?"

Watu hoi.

Nikasimama na ramani yangu, nikaeleza kama mtaalamu. Nikawaambia watapewa meza ndani, kuna feni, hakuna vumbi. Mama mdogo akanyoosha mkono, akanitania kwa cheo cha chifu wa Kichaga.

"Mangi wa diploma, humo ndani mtu anaruhusiwa kukaa?"

"Mama mdogo, watu wananunua wanatoka."

"Basi hilo ni duka, baba. Sisi tunazungumzia soko."

Mkutano ukaisha bila muafaka.

Asubuhi yake tukafika saiti, tukakuta masale yamepandwa kuzunguka kiwanja chote.

Kwa msio Wachaga: isale ni mmea wa majani marefu. Ndio mpaka wa kihamba, na ndio tunaopanda kwenye makaburi ya wazee. Hakuna Mchaga mwenye akili timamu anayeung'oa kienyeji.

Bosi akatabasamu. "Wametupandia maua! Wamekubali."

Nilicheka hadi machozi. Vibarua walikuwa wameshaweka majembe chini. Mmoja akamwambia, "Ng'oa wewe bosi, mimi nina watoto."

Hapo ndipo nilipoonyesha thamani yangu, wakuu. Nikamweleza kwamba isale hilohilo ndilo linaloombea suluhu. Ukimpelekea mtu jani lililofungwa fundo, hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Nikakata jani kihambani kwetu, nikalifunga, nikamfundisha kulishika kwa mikono miwili.

Akalipeleka kwa mama yangu, mbele ya wenzake wote. Mama akalitazama, kisha akamtazama mdogo wake.

"Tumelipokea," akasema. "Jenga, baba. Ila tuachie pa kukaa."

Sijawahi kumsikia mama akiomba kitu kwa mtu.

Siku hiyohiyo nilichora upya. Jengo nikalirudisha nyuma, paa nikalivuta mbele liwe kivuli, chini yake nikaweka benchi refu la saruji. Bosi alinung'unikia maegesho yake, lakini hakuwa na la kufanya. Ni kazi safi, hadi leo halina ufa.

Siku ya ufunguzi mama na mama mdogo waliingia ndani wameshikana mikono kama wasichana. Wakatoka na pakiti moja ya biskuti, wakakaa kivulini.

"Pazuri," mama mdogo akasema.

"Pazuri, ila hawasalimii," mama akajibu.

Mama mdogo sasa ni mjane. Hakuna wa kumwuliza anaenda wapi, na gari la kumleta hadi Kibosho ninalo. Nilipomwambia, alinipapasa kichwa, mtu mzima mimi.

"Aika, asante baba. Lakini kwako nitakuja kama mgeni. Pale nakuja kwa dada yangu."

Kwa hiyo siku ya soko nampeleka mama Soweto, nakaa garini nawaangalia. Wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja na bado wanasikilizana.

Nilichojifunza: kabla hujachora jengo, uliza nani huwa anakutana na nani hapo.

Na kwenu je, mama zenu walikuwa wanaonana wapi na ndugu zao? Andikeni, nasoma zote.