Parachichi la Nguruwe

Daktari alimwambia mume wangu aache mayonezi kwa sababu presha yake imepanda. Basi Jumapili, tulipotoka kanisani, nikafungua kopo la samaki jodari, nikamchanganya na kitunguu, ndimu na, badala ya mayonezi, parachichi la shambani kwetu Old Moshi. Mume wangu alikula akakomba sahani, kisha akauliza nimetia nini. Nilipomjibu, aliisukuma ile sahani tupu kana kwamba nimemwekea sumu.

"Mama watoto, yaani unanilisha chakula cha nguruwe?"

Ni kweli, huku kwetu maparachichi yanayodondoka tunawatupia nguruwe. Lakini si ameshamaliza! Uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia aende bandani akamuulize nguruwe kama naye anameza vidonge vya presha.