Petero Bukuru Wawili na Ndoa Niliyoivunja

Kosa ni langu, sitalitupia mtu mwingine. Nilivunja ndoa ya mdogo wangu kwa kadi moja ambayo hata sikuisoma vizuri.

Tunaishi mtaa wa Bwiza. Tangu mama afariki, mimi ndiye nakusanya habari za ukoo wetu: picha, vitambulisho vya zamani, majina ya wazee. Nikipata kitu nakituma kwenye grupu ya familia, watu wananisifu. Nilizipenda zile sifa. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Mdogo wangu Divine alikuwa na mchumba, Eric, wa mtaa wa Mutanga Sud. Siku familia zilipokutana, baba yake Eric akataja wazee wao. Babu yake Eric aliitwa Petero Bukuru, akataja na paruwasi, yaani parokia, alikobatiziwa. Nikashtuka. Babu yetu naye ni Petero Bukuru, na kadi yake ya ubatizo ninayo, inataja paruwasi ileile. Babu alifariki wanawe wakiwa wadogo, na siku zote ilisemwa ana watoto wengine tusiowajua.

Sikumuuliza mtu. Nilipiga picha ile kadi, nikaandika kwenye grupu kwamba Divine na Eric ni wajukuu wa mtu mmoja. Na kwetu wa babu mmoja hawaoani.

Divine alinifuata jikoni akilia. "Yaya," akaniita, ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "Bukuru si ni jina la kila pacha wa kwanza? Hapa mutaani tu tuko nao wangapi?"

"Na paruwasi nayo?" nikamjibu.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, akapeleka ujumbe kwa akina Eric wiki ileile: ndoa hakuna.

Divine alipokataa kuamini, nikaenda paruwasini kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha. Ndiyo, hukumu nilitoa kwanza, ushahidi nikautafuta baadaye. Mama wa ofisini akafungua rejista, akaniangalia. "We unatafuta Petero Bukuru gani? Mi naona wawili."

Baba tofauti, mama tofauti, hata vilima walikozaliwa, ambavyo kwetu ndiyo vijiji, ni tofauti. Jina la baba wa babu yetu lilikuwa kwenye kadi yangu miaka yote. La kwao akina Eric sikuwahi kuuliza.

Siku hiyohiyo nikatuma picha ya rejista kwenye grupu. Baba mdogo akanijibu, "Apana. We mwenyewe ulisema ni damu moja. Mambo ya damu mutu habahatishi."

Nimemwendea mara tatu na karatasi mkononi. Hataki hata kuvaa miwani. Mashangazi wanasema rejista inaweza kukosea, mimi siwezi. Inaniudhi mpaka nashindwa kula, maana ni mimi niliyewazoesha kuniamini hivyo!

Eric alingoja, akachoka, ameoa kwingine. Divine amehamia kwa rafiki yake, mtaa wa Kigobe. Nikimpigia, hapokei.

Nawe unayechimba habari za wazee wako, nisikilize. Majina yakifanana, uliza baba yake nani, mama yake nani, kilima gani. Uliza kabla hujasema lolote. Ukishasema, watu hawatangoja usahihishe.