Bakuli Lenye Mishono na Ng'ombe wa Ng'ambo

Watu wakiingia nyumbani kwangu na kuliona kabati la vioo, macho yao huuliza kabla ya midomo: huyu mama wa mtaa wa Kadutu alivitoa wapi vyombo vya Uchina na shaba za wazungu? Wenye adabu ndogo huuliza kabisa kama mume wangu alikuwa boi wa mzungu fulani. Hakuwa boi wa mtu. Vitu hivi hatukupewa, hatukuokota, hatukuiba. Tulivinunua mnadani, mchana kweupe, mbele za watu, na mkono ulioinuka mara nyingi ni huu wangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Mume wangu alifanya kazi na wapimaji wa ardhi. Alibeba miguu mitatu ya chombo chao kupanda na kushuka vilima, kisha akaenda kusimama mbali bondeni na mti wa rangi nyekundu na nyeupe, huku mzungu akichungulia. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuchungulia. Nadhani ugonjwa wake ulianzia hapo. Siku aliposikia kwamba vitu vya mzungu mmoja aliyerudi kwao vinauzwa kwa mnada kule Ibanda, kwenye nyumba za wazungu za rasi ya ziwa, alivaa koti lake la misa akaenda, akarudi na kipima-hewa cha shaba ambacho mshale wake ulikuwa umekwama. Mimi nilidhani ni saa. Nilimwambia amenunua saa iliyokufa.

Baada ya hapo hakukosa mnada. Akaleta dira ya meli isiyo na kioo, mizani ya dawa yenye sahani moja, hadubini kipofu, darubini yenye kioo kilichovunjika. Vyombo vizima vilikwenda kwa wazungu waliokaa kwenye viti barazani, na sisi tuliosimama kwenye majani tulipata vilema. Jioni alivimwaga mezani, akavisafisha kwa majivu na ndimu, akachonga vipande vilivyopungua, na baada ya wiki nyingi mshale ule wa kipima-hewa ukaanza kutembea, ukaonyesha kwamba mvua inakuja. Siku hiyo alileta mvua kabla ya mvua, maana alizunguka mtaa mzima akiwaambia watu waanue nguo. Walimcheka. Mvua ilipokuja, waliocheka walianua nguo mbichi.

Mimi nilikwenda mnadani mara ya kwanza ili nimzuie. Nikarudi na sahani. Ilikuwa ya mzee mmoja wa kizungu ambaye ujanani alijenga reli huko Uchina, kabla ya kuja kulima kwinini kwenye vilima vyetu, na sasa alikuwa akiuza vitu vyake kidogo kidogo kwa sababu ya uzee. Sahani ilikuwa na samaki wa buluu aliyepinda mkia, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele ndogo. Sikujua kwamba udongo unaweza kuwa hivyo. Nilikuwa nimekulia kwenye udongo, mama yangu alifinyanga vyungu, nami nilijiona najua habari zake zote. Tangu siku hiyo tukawa wagonjwa wawili katika nyumba moja, yeye wa shaba na mimi wa Uchina, na sikuona aibu. Wanawake wenzangu walinunua vitenge. Mimi nilinunua vya kuwaringia.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye sikuweza kumringia, naye ndiye niliyemtaka kuliko wote.

Kwa kabila, baba yangu alikuwa Mushi wa Nyangezi, mtu wa ng'ombe. Mume wangu ni Murega wa Mwenga, na kwao msituni hakuna ng'ombe. Kwa mahari alileta mbuzi, akaleta shoka na nguo na pesa za mshahara wake, akapiga magoti kama inavyotakiwa. Baba alivipokea kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kukaza shingo, ila alisema neno moja mbele ya ukoo mzima: hatakunywa kitu nyumbani kwa mtu huyo. Kwetu, mwenyeji huonja pombe kwanza, kisha humpa mgeni chombo kilekile. Asiyekipokea ametangaza kwamba kati yenu hakuna undugu. Basi baba alipokuja mjini alifika hadi uani, akakaa juu ya jiwe, akaongea na wajukuu zake, akaondoka na koo kavu. Alimwita mume wangu "ule Murega". Hakuwahi kumwita mkwe.

Kisa chake hakikuwa uchoyo, na mtu asimdhanie hivyo. Aliniambia siku moja, nilipomsindikiza hadi njia ya Nyangezi.

"Ngombe njo kamba, mwanangu," alisema, yaani ng'ombe ndiye kamba ya ndoa. "Mutu akitoa ngombe, hawezi kukutupa ovyo, maana atapoteza. Ule hakutoa. Siku atachoka na weye, nini itamuzuia?"

Nilikasirika mpaka machozi. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, nina watoto, na baba yangu bado alikuwa akinisubiri nirudi na mzigo kichwani.

Alipozaliwa binti yetu wa mwisho tulimpa jina la mama wa baba yangu, na hilo lilimgusa baba. Alituma neno kwamba siku ya ubatizo ataingia ndani ya nyumba. Kuhusu kunywa hakusema kitu. Hapo nikaweka nia: baba yangu atapewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika chombo ambacho hakuna mtu wa Nyangezi, hata mwami, chifu wetu, amewahi kukinywea. Akikikataa hicho, basi amenikataa mimi.

Na Mungu akaleta mnada. Mzee wa reli alikuwa amefariki, na vyote vilivyobaki vilitolewa barazani siku moja. Nililiona kutoka mbali: bakuli kubwa la kijani kibichi cha ziwa asubuhi, zima, bila doa. Nilimwambia mume wangu hilo ndilo. Mwenye nyundo, yule mwendesha mnada, alitaja bei, nikainua mkono. Madamu mmoja mwenye kofia akainua wake. Nikainua tena. Akainua tena, na mwenye nyundo akanigeukia.

Nisemeje? Mimi ni mtoto wa soko. Kwetu bei ikipanda, hupandi nayo. Unasema, "Iko kali sana, uuzishe mwengine," unageuka, unaondoka polepole, sikio likiwa nyuma, na muuzaji anakuita: "Maman, rudia, njoo tusikilizane!" Hakuna muuzaji wa Nyangezi aliyewahi kuniacha nifike njiani. Basi nikageuka. Nikatembea kwenye majani yale kwa madaha, kitenge kikipepea, nikisubiri kuitwa.

Nilichosikia ni nyundo.

Nilipogeuka, bakuli lilikuwa limekwisha kuwa la madamu, na wazungu barazani walikuwa wakiniangalia kama mtu aliyecheza ngoma bila ngoma. Mume wangu alikuwa akiangalia viatu vyake. Najua alitaka kucheka, na kwa kuwa hakucheka nampenda hadi leo.

Kisha mwenye nyundo akainua bakuli la mwisho, la buluu na nyeupe, lenye maua na ndege. Lilikuwa limepasuka zamani vipande vitatu, na mtu amevikamatisha kwa vyuma vidogo vidogo kwa nje, kama mishono. Watu wakacheka. Hakuna aliyelitaka. Mimi kwa hasira nikainua mkono, na safari hii sikusogea hata unyayo. Nilisimama kama nguzo ya kanisa, mkono juu, hata nyundo ilipokwisha kulia. Mume wangu ndiye aliyenishusha mkono.

"Imeshonwa kama kibuyu," alisema njiani, akiligeuzageuza. "Angalia kazi ya mutu."

"Usiionyeshe kwa papa yangu," nilimjibu. "Yeye iko natafuta tu kasoro. Ukimupatia kintu ya kuvunjika, atasema njo ile ulikuwa nayo."

Nililifunika kwa kitambaa nyuma ya kabati. Jirani mmoja alinikopesha bilauri ya kioo yenye ukingo wa dhahabu.

Siku ya ubatizo baba alifika na fimbo yake na kofia yake, akasimama mlangoni kitambo, kisha akaingia. Nakumbuka alivyoinamisha kichwa ingawa mlango ulikuwa mrefu. Nilimkaribisha kwenye kiti, nikamletea kasiksi katika ile bilauri. Mume wangu akaonja, akaitoa kwa mikono miwili. Baba akaiangalia, akaangalia ukuta.

"Sina kiu," alisema.

Mume wangu aliiweka bilauri mezani, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa, ilikwenda kwenye darubini yake ya shaba iliyosimama dirishani. Alianza kuipangusa, ingawa ilikuwa safi.

"Ile bomba iko ya nini?" baba aliuliza.

"Ya kuvuta mbali, papa. Chungulia."

Sikutegemea kwamba atainuka. Aliinuka. Kutoka Kadutu unaona bonde la mto Ruzizi na vilima vya Rwanda ng'ambo, na mume wangu, kwa akili ambayo sikujua kwamba anayo, alielekeza chombo kwenye malisho. Baba akaweka jicho. Mgongo wake ulisimama ghafla.

"Yoo! Ngombe!"

Basi hapo tulimpoteza. Alisahau ubatizo, akasahau ugomvi. Aliwatazama mmoja mmoja, akazisifu pembe, akamtukana mchungaji aliyekuwa amelala. "Ile ya madoa iko na mimba. Ile nyeusi inachechemea nyuma, bamuangalie kwato. Wee, kijana, amuka!" Alikuwa akipiga kelele hadi ng'ambo ya mto. Wageni walicheka, na mume wangu alishika miguu ya darubini isianguke, uso wake karibu na uso wa baba kuliko ulivyowahi kuwa.

Alipochoka akakohoa. Akauliza: "Mulinunua hii bomba ikiwa nzima?"

"Hapana, papa. Kioo moja ilikuwa imevunjika. Niliitengeneza."

"Na ile saa?"

"Ile iko ya kupima mvua. Nayo ilikuwa imekufa."

Baba akaanza kuzunguka. Aliuliza habari za dira, za mizani, za hadubini, na jibu lilikuwa moja tu: ilivunjika, nikaitengeneza. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimsikia mume wangu akimsomea baba yangu orodha ya umaskini wetu, kimoja baada ya kingine. Kisha baba akafika kwenye kabati langu, akapita mbele ya sahani ya samaki bila kuijali, akanyoosha fimbo nyuma na kuvuta kitambaa.

"Na hii?"

Alilitoa mwenyewe. Akapitisha kidole gumba juu ya mishono yote, polepole, kama anavyopapasa mbavu za ndama.

"Nani alishona?"

"Bachina, papa," nilisema. "Zamani."

Alikaa kitini nalo mapajani. Mama yake, yule ambaye mtoto alikuwa amebatizwa kwa jina lake asubuhi ile, alikuwa akishona vibuyu vilivyopasuka kwa nyuzi za mgomba. Nami nilikuwa nimeviona nikiwa mdogo, na sikuwa nimekumbuka.

"Miye niliwaza huyu mutu atakutupa," alisema, akiniangalia mimi. "Kumbe mu hii nyumba hamutupake kintu."

Kisha akamgeukia mume wangu na kumnyooshea bakuli.

"Mukwe. Nitilie."

Mume wangu alitia. Alionja kwa haraka hadi kasiksi ikamwagika kwenye shati lake la ubatizo. Baba alilipokea, akanywa, akashusha pumzi, akanywa hadi mwisho. Bakuli halikuvuja hata tone. Nililia mbele ya wageni wote, mimi ninayejulikana kwa ulimi, na nilikuwa na fahari kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kabla yake na baada yake.

Siku chache baadaye mtu alikuja kutoka Nyangezi na kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani kilikuwa kibuyu cha bibi yangu, kimepasuka juu ya mshono wa zamani, na neno la baba: mkwe ashone. Alishona. Kiko hapa katikati ya kabati, kati ya bakuli la Kichina na ile darubini, na wageni wakiuliza vya Uchina mimi huanza na kibuyu.

Ukoo wetu, lakini, si watu wa kuacha neno lilale. Kwenye msiba mmoja huko Nyangezi, baba yangu mdogo alimuuliza baba mbele za watu, nami nikiwa nimekaa na wanawake: je, ule Murega hatimaye alileta ng'ombe, hata akapewa kibuyu cha mama yetu?

Baba hakusita.

"Alinionyesha," alisema. "Niliziona na macho yangu. Mingi, na moja iko na mimba." Akanywa kidogo, akafikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ile nyeusi tu njo inachechemea."