Siku Mume Wangu Alipomwangusha Mama

Mwaka niliobeba mimba ya kwanza, mume wangu alikuwa bado hajavuka mlango wa nyumba ya mama yangu. Kwetu Nchelenge mkwe haingii hivi hivi. Hamtazami usoni mama wa mke wake, hali naye, hazungumzi naye ila kwa kupitia mtu mwingine, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza ndani. Wenzake waliooa pamoja naye walikuwa wameingizwa zamani. Yeye aliendelea kukaa kibarazani. Alikuwa Mkongomani, mchuuzi wa vitenge na sabuni anayevuka ziwa Mweru kutoka Kilwa ya Kongo, na mama alikwisha kusema mbele ya dada zake na wamama wa kanisa kwamba mtu wa mashua leo yuko, kesho hayuko, kwa hiyo hataingia kwake mpaka ajenge upande huu. Mama si mtu wa kumeza maneno yake.

Nilikuwa nimerudi kwake kungojea kujifungua, kama kawaida ya mimba ya kwanza. Nilijua nitazalia kliniki, lakini mtoto angeletwa katika nyumba hii, na baba yake angemwona kwa kutolewa nje mlangoni kama kifurushi. Jambo hilo lilininyima raha. Kila nilipolitaja, mama aliniambia miguu yangu inavimba, niende nikailaze.

Basi, msimu huo ziwa lilipofungwa ili samaki wazaane, meza ya mama sokoni ikabaki tupu na yeye akabaki nyumbani akitafuta ugomvi. Ndipo mume wangu alipoleta mashine ya michezo. Aliitoa Lubumbashi pamoja na bidhaa nyingine, ikakosa mnunuzi hata Mununga ambako watu hununua chochote. Ilikuwa na kaseti moja ya manjano yenye michezo chungu nzima ya zamani, na maneti mbili, ndivyo alivyoviita vile vishikio vya kuchezea. Akanipa kibarazani, nikaiunganisha na televisheni ya mama sebuleni.

Mchezo ulionishika ulikuwa wa mpira. Wachezaji wake walikuwa wafupi, vichwa vikubwa, nyusi zimekunjamana kana kwamba wamenyimwa chakula. Na walikuwa wakipigana. Ukiwa na mpira, mtu anakuja kukupiga kikumbo, unaanguka chali, naye anaondoka na mpira bila kuulizwa. Refa hayupo. Filimbi haipo. Ukiangushwa mara nyingi huinuki tena, na wenzako wanaendelea kukuruka. Nilijiuliza ni watu gani hawa, na nani aliwapa jezi. Siku moja nikifungua michezo mingine ya kaseti ile, nikawakuta tena. Nyuso zile zile, nyusi zile zile, ila humo hakuna mpira: wako barabarani wanapigana kwa ngumi na minyororo. Nikaelewa kuwa kupigana ndiyo kazi yao ya asili, mpira waliletewa baadaye. Nikamwita mama aje aone. Akawatazama kwa muda mrefu, akasema labda mama zao walichoka kuwauguza wakawatafutia la kufanya.

Tangu hapo akawa anacheza. Alichokipenda zaidi ni kwamba unaongoza mtu mmoja tu. Wale wengine wa timu yako wanakwenda wanavyotaka, na ukibonyeza kitufe unawaamuru watoe mpira au wapige goli, nao wanatii. Alisema hata wavuvi wa marehemu baba hawakuwa na adabu hiyo.

Mimi nilikuwa nachoka upesi, na mchezo ule ulikuwa mtamu kwa watu wawili. Hapo nikapata wazo. Dirisha la sebule linatazama kibarazani. Nikatundika kitenge nusu ya dirisha, upande aliokaa mama, nikapitisha waya wa maneti ya pili upande ulio wazi. Mume wangu akakaa nje kwenye kiti cha plastiki, akaiona televisheni vizuri bila kumwona mama. Nilidhani mama atakataa. Akauliza tu kama mkwe wake anajua kulinda goli.

Wiki mbili walicheza hivyo alasiri, timu moja, wakipambana na mashine. Mimi nilikaa katikati nikipeleka maneno. Mwambie asiende mbali. Mwambie alete huku. Na kutoka nje: uambie mama samahani, ule mpira ulikuwa wake. Walikuwa wanaelewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua wanaokula sahani moja, na mimi nikaanza kuwa na tumaini. Nikamwambia mama, mbona sasa asiingizwe? Akajibu kwamba nyumba iliyojengwa haijaonekana bado. Nilikasirika nikazima televisheni. Akaiwasha.

Kisha siku moja mama akataka wapambane, yeye na timu yake, mkwe na yake. Mume wangu akasita. Nikamwambia ni mchezo tu, bonyeza. Nafikiri hakuwa amezoea. Mpaka siku ile walikuwa upande mmoja na mtu wa mama alikuwa wa kumlinda. Wachezaji wakasongamana mbele ya goli, mume wangu akakimbia kumpiga mtu kikumbo, na pale pale mtu wa mama akawa chini, kifudifudi, mikono mbele.

Mama akaweka maneti sakafuni. Akajifunika kitenge kichwani, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nje mume wangu alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona ameogopa vile, na huyu ni mtu aliyewahi kuvuka Mweru mashua ikinywa maji.

"Mi sikujua kama ni mama," akaniambia. "Bote banavaa sawasawa. Ambia mama sikukusudia."

Mama hakutaka kuambiwa. Siku tatu alikula chumbani. Kumgusa mama mkwe ni kosa, kila mtu kwetu analijua. Kumwangusha sijui kama kuna aliyewahi kuthubutu. Nilimwambia kwamba aliyeanguka ni picha. Akaniuliza, ile picha nani alikuwa anaiongoza? Niliwachukia wote wawili, mmoja kwa vidole vyake na mwingine kwa moyo wake mgumu, na usiku nililia kwa sababu niliona mlango umefungwa kwa misumari.

Mama akaagiza dada yake mkubwa aitwe kutoka Mwansabombwe. Yule ndiye anayeamua mambo ya ukoo. Akaja na mkoba wake, akataka kwanza aonyeshwe mahali pa kosa. Nikawasha mashine. Akavaa miwani, akatazama wale watu wafupi wakisukumana.

"Aliyeanguka alikuwa nani?" akauliza.

"Mimi," mama akajibu, bila kucheka hata kidogo.

Mama mkubwa akavua miwani. Akasema kosa ni kosa, na la namna hii haliachwi likalala. Mkwe alete kuku mweupe. Kuku apikwe, na aliyekosa na aliyekosewa wamle pamoja, ndani, wakitazamana, la sivyo mtoto tumboni atabeba aibu yao. Mama akasema kwamba ikiwa ndiyo desturi, yeye ni nani wa kubishana. Akasema vilevile watu wasije wakadhani amebadili neno lake.

Jumamosi mume wangu akaingia. Alivaa koti la kuazima. Alipofika mlangoni mama mkubwa akamshika mkono na kumkalisha kwenye mkeka. Mama akammegea nyama kwa mkono wake. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimefurahia kosa la mume wangu.

Wiki iliyofuata nilikuwa peke yangu, siwezi kusimama muda mrefu, nikacheza. Nilikuwa nataka kujua tu wale watu wanaanguka vipi. Niliwaangusha wote, mmoja mmoja. Kila aliyepigwa kikumbo alianguka chali, miguu juu. Nikarudia na kurudia. Hakuna aliyeanguka kifudifudi. Nikaanza kubonyeza hiki na kile, mpaka nilipobonyeza vitufe viwili pamoja, mtu wangu akajirusha mwenyewe kuufuata mpira kwa kichwa, akalala kifudifudi, mikono mbele. Hakuna aliyemgusa.

Kisha nikatoka nyuma, mama alikuwa akichambua mboga, nikamwambia nimeona mtu wake alivyoanguka. Akachambua majani mawili, matatu, akaniangalia tumbo.

"Mutoto iko njiani," akasema. "Ulitaka ningoye mpaka wakati gani?"