Mlamula Uliohama

Mwalimu wangu wa uchoraji alifariki kabla babu yangu hajazaliwa. Alikuwa Mbelgiji, mchoraji wa mandhari, na nilikutana naye katika kitabu chakavu cha Kifaransa kwenye maktaba ya parokia moja ya Muleba. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi. Baba yake alitaka auze vitambaa. Yeye akashinda malishoni akichora bwawa lile lile. Wakosoaji walimcheka kwamba miti yake ni ya kijani mno, kisha uzeeni wakamvisha nishani kwa miti hiyo hiyo. Jambo moja nililishika kuliko yote: mti ukisimama mahali pabaya, aliuhamisha kwenye picha.

Shangazi aliponiomba nichore kibanja chake cha Kaagya, nilifuata utaratibu huo. Kutoka nilipoketi, mlamula, ule mti wa kuonyesha mpaka, ulikuwa umeziba mlango wa nyumba. Wazee ndio walioupanda hapo, kumaliza ugomvi wake na jirani. Niliusogeza kidogo, ukaingia kwenye migomba ya shangazi, na mlango ukapendeza sana.

Picha ikatundikwa sebuleni. Jumapili jirani akaja kusalimia, akasimama mbele ya picha ile muda mrefu.

“Waitu, mama, leo umesema kweli. Hii migomba mitatu ni yangu.”

Shangazi akasogea, akaitazama, akanigeukia. “Mlamula wangu nani kaung'oa?”

“Ni kwa ajili ya uzuri, shangazi. Hata yule Mbelgiji alihamisha miti.”

“Alikuwa na kibanja?”

“Hapana. Alikuwa mpangaji maisha yake yote.”

“Ndiyo maana!”

Jirani alikwisha kutoa simu na kuipiga picha ile. “Naipeleka baraza la ardhi la kata. Aliyechora ni wa ukoo wako mwenyewe.”

Nilipanda bodaboda hadi kwangu Hamugembe kuchukua rangi, niurudishe mlamula mahali pake. Niliporudi, jirani alikuwa bado yupo, anakunywa lubisi, pombe ya ndizi ya shangazi, akingoja kusimamia kazi. Walisimama nyuma yangu wote wawili.

“Sogeza. Tena,” shangazi akaamuru.

“Mama, anazidisha huyu!” jirani akalalamika.

Wakatoka na kamba kuupima mlamula wenyewe, wakarudi wamekubaliana. Jirani akaifuta ile picha kwenye simu, shangazi akikikodolea macho kidole chake.

Nikauchora mlamula pale walipopima, na mlango haukuonekana tena.

“Sasa watu wataingilia wapi?” jirani akauliza.

“Wanaonijua,” shangazi akasema, “wanajua mlango ulipo.”